Sado ya Jumamosi, Sadaka ya Jumapili

Mfanyabiashara wa mazao vijijini Pwani hutembea na vipimo viwili. Kwa mkulima hununua kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, likabeba gunia moja na ziada kwa bei ya gunia moja. Mjini huuza kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki, ambayo kitako chake kimepashwa moto na kubonyezwa kikapanda katikati. Mnunuzi huona maharage yamefurika juu, roho ikamtulia. Kilichopungua kiko chini, asikokuona. Wakala wa Vipimo umepiga marufuku lumbesa miaka nenda rudi, unakamata, unatoza faini, na lumbesa ipo. Jumapili asubuhi mfanyabiashara yuleyule huvaa suti na kupeleka fungu la kumi katika bahasha yenye jina lake, na hesabu yake huwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Mungu hapimiwi kwa sado.

Nabii Amosi alimjua mtu huyu. Karne ya nane kabla ya Kristo alimkuta katika ufalme wa Israeli akiiheshimu Sabato, hafungui biashara, ila amekaa anazihesabu saa ziishe akauze ngano kwa kipimo kidogo na kupokea fedha kwa jiwe zito. Amosi hakumshutumu kwa kutosali. Alikuwa anasali sana. Tangu hapo kilichobadilika ni plastiki.

Nimeanza na vipimo kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu unafiki wa Wakristo kwa kawaida huanzia kwenye chupa ya bia na kuishia gesti. Mzee wa kanisa kaonekana baa. Mwanakwaya kapata ujauzito kabla ya ndoa. Kwa hao kanisa lina utaratibu unaoeleweka: hutengwa, hukaa benchi la nyuma, meza ya Bwana huipitia mbali, kisha siku moja husimama mbele ya watu na kurudi kundini. Msichana wa kwaya nimemwona akisimamishwa. Mwenye sado sijamwona.

Ukweli ni kwamba hao wawili ni wakosaji wa aina tofauti. Mtu aliyeshindwa na tamaa yake akajificha kwa aibu bado anakiamini kile alichokivunja, asingekiamini, asingejificha. Akianguka mara saba huenda ni dhaifu mara saba. Mnafiki ana shida nyingine. Imani yake inafanya kazi vizuri mno: inamletea wateja, inampa heshima ya kukaa viti vya mbele, inamdhamini anapoomba mkopo, inampatia mchumba na wakati wa uchaguzi inampatia kura. Ikiondoka leo, kesho biashara imeyumba. Kwa hiyo kupima umbali kati ya maneno na matendo ya mtu hakutufikishi mbali, maana umbali huo kila muumini anao. Swali lenye manufaa zaidi ni la kihasibu. Gharama ya imani hii inalipwa na nani, na faida yake inaingia mfuko wa nani?

Sehemu nzuri ya kuliuliza swali hilo ni mahali kama Dutumi. Hii ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, upande wa kuelekea Kisarawe. Ni Uzaramo: mihogo, mikorosho, mkaa, ng'ombe wa wafugaji waliohamia, na adhana mara tano kwa siku. Wakristo ni wachache, na wengi wao ni watu waliotoka bara kwa kazi: mwalimu, muuguzi, mfugaji, kibarua. Mjini Mkristo anaweza kuishi mwezi mzima kati ya Wakristo wenzake, akawauzia, akawaazima, akawasalimia "Bwana asifiwe" na kuitikiwa "Amen" kabla hajasema shida yake. (Salamu hiyo, kwa wasiojua, husogeza watu mbele ya foleni katika ofisi nyingi za umma.) Katika kijiji cha Kizaramo haisogezi kitu. Mwenye duka anayekukopesha sukari ni Mwislamu, aliyekuuzia kiwanja ni Mwislamu, na ukifiwa, wachimba kaburi ni Waislamu, ambao watakuwa wamemaliza kuchimba kabla gari la kwaya halijafika.

Jirani wa namna hiyo ndiye shahidi bora wa imani ya Mkristo, kwa sababu hana faida nayo. Hajali kama ulibatizwa kwa maji mengi au machache, wala kama mchungaji wako ana digrii. Ana daftari la madeni. Ndani ya daftari hilo kuna mwalimu anayelipa kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, na kuna mwinjilisti ambaye mtoto wake hutumwa kukopa kwa sababu baba mwenyewe anaona haya kupita pale. Tena jirani huyo amelelewa na mafundisho ya dini yake kuhusu mnafiki, ambayo kila mtoto wa madrasa anayajua: alama zake ni tatu, akisema huongopa, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana. Tazama kwamba zote tatu zinahusu jirani. Hakuna hata moja inayouliza alisali mara ngapi. Mkristo akitaka kujua hali ya imani yake, mtu wa kumuuliza hayuko kanisani.

Kuna jambo moja ambalo jirani huyo pia analijua na kwa ustaarabu wa Pwani halisemi. Nikodemo alimwendea Yesu usiku. Huku Mkristo humwendea mganga usiku. Mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, Lloyd Swantz, aliwachunguza waganga wa Kizaramo jijini Dar es Salaam kwa muda mrefu na kuandika kitabu juu yao, na wateja aliowakuta hawakuwa wa dini moja. Je, mama anayempeleka mtoto mwenye degedege kwa mganga saa tano usiku ni mnafiki? Mimi nasema hapana. Ana hofu, na hofu ya mzazi ni kubwa kuliko katekisimu. Unafiki unaanza Jumapili ya pili yake, pale anaposimama kutoa ushuhuda kwamba mtoto amepona kwa maombi tu, na mchungaji, ambaye anajua, anaitikia haleluya.

Eneo hili lina historia inayosaidia, kwa sababu mara mbili malipo ya kuwa Mkristo yalikatwa ghafla, na watu wakaonekana. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895. Upande wa kaskazini, Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika tangu 1868, na kundi lao la kwanza lilikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Mtu aliyenunuliwa sokoni akapelekwa misheni, akapewa chakula, jembe, ratiba ya sala na baadaye mke, alikuwa na imani ya nani? Wengine waliikumbatia kweli, hata wakaibeba hadi bara. Wengine walitoroka walipopata nafasi, na kumbukumbu za mapadre wenyewe hazikulificha hilo. Baadaye malipo yakabadilika sura, yakawa shule. Jina la ubatizo likawa njia ya kufikia ubao na chaki, na ubao ukawa njia ya kufikia ukarani. Wazee wengi wa Kizaramo waliona bei hiyo ni kubwa mno wakawaweka watoto wao madrasa. Uamuzi huo uliwagharimu vizazi kadhaa, lakini huwezi kuwaita wanafiki.

Mara ya kwanza malipo yalikatika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na katika miaka iliyofuata wamisionari wa Kijerumani walikusanywa na kuondolewa nchini. Fedha kutoka Ulaya zikaisha. Shule za misheni zikafungwa au zikabaki jina. Katika makanisa mengi ya Tanganyika waliobaki kuendesha ibada, kubatiza na kuzika ni walimu Waafrika waliokuwa wakilipwa na wamisionari, na sasa hakuna wa kuwalipa. Baadhi waliacha wakatafuta kazi kwingine, na sioni kwa nini walaumiwe, walikuwa na watoto. Waliobaki hawakuwa na wa kumwonyesha. Mzungu aliyeandika taarifa za maendeleo ya kila mwalimu alikuwa kizuizini. Ningependa kujua sala ya mwalimu wa namna hiyo ilikuwaje mwaka 1917, katika kanisa ambalo paa lake la makuti limeanza kuoza.

Mara ya pili ni Sheria ya Elimu ya 1969, ambayo serikali iliitumia kuzitwaa shule za mashirika ya dini. Tangu hapo nafasi darasani haikutegemea tena jina la ubatizo. Shule mojawapo ilikuwa Pugu, kilima kwa kilima na Kisarawe. Na hapa kuna jambo ambalo huwa linapitwa haraka: Rais aliyetia mkono sheria hiyo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na alikuwa amefundisha Pugu hiyohiyo hadi Machi 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa akaacha mshahara. Julius Nyerere alilinyang'anya kanisa lake mwenyewe kitu kilichokuwa kinaliletea waumini. Wapo maaskofu na wazazi waliosononeka. Lakini mwanasiasa anayeitumia dini kujipatia watu hafanyi hivyo. Hufanya kinyume chake: huliongezea kanisa shule, kiwanja na jenereta, halafu husubiri uchaguzi.

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo ni kitu cha kuvutia hata kwa asiye Mkatoliki, maana ni kanisa lenyewe likijaribu kupambanua imani ya kweli na ya maonyesho, na linavyofanya ni tofauti kabisa na linavyofanya kila Jumapili. Kwa kawaida haliruhusu kesi ianze kabla ya miaka mitano kupita tangu kifo, msisimko upoe. Haliulizi marehemu alichangia ujenzi kiasi gani. Linawatafuta waliokaa naye, waliomfanyia kazi, waliogombana naye, na linataka yasemwe hata mabaya. Kwa karne nyingi kulikuwa na ofisa wa Vatican ambaye kazi yake ilikuwa kupinga, watu wakamwita wakili wa shetani, hadi Papa Yohane Paulo wa Pili alipoupunguza wadhifa huo mwaka 1983. Taasisi inayojua kufanya uchunguzi wa namna hiyo kwa wafu, kwa walio hai inatosheka na kadi ya zaka.

Na wakili wa shetani angekuwa na la kusema. Chini ya Nyerere watu walihamishwa kwa nguvu katika operesheni za vijiji, hasa kati ya 1973 na 1976, na nyumba nyingine zikachomwa ili wenyewe wasirudi. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, mwaka alioingia madarakani kama Rais. Siamini kwamba alikuwa mnafiki. Naamini alikuwa mtu wa imani ya kweli aliyekosea, na gharama ya kosa lake wakailipa watu wengine, ambao wengi wao hawakuulizwa. Hesabu yangu haimwachi salama. Ukweli wa imani ya mtu hautoi dhamana kwamba majirani zake wako salama.

Hilo lilidhihirika vibaya zaidi Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wameuza mali zao na kuhamia msituni kufunga hadi kufa wakakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Mackenzie ameyakana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayosema. Ila kuhusu wafuasi hakuna wa kuwaita wanafiki. Waliamini kuliko sisi sote. Kama kipimo cha imani kingekuwa tu utayari wa kugharamika, basi Shakahola ndipo penye imani kubwa kuliko mahali pengine popote Pwani ya Afrika Mashariki katika kizazi hiki, na mtu yeyote mwenye akili timamu anaona kuwa jibu hilo limekosewa mahali fulani. Limekosewa hapa: kwa mujibu wa upande wa mashtaka na manusura, waliopangwa kutangulia kufa njaa walikuwa watoto. Mtoto wa miaka minne hafungi. Ananyimwa chakula. Mtu mzima anayetoa uhai wa mwanawe kama ushahidi wa imani yake mwenyewe amelipa kwa fedha ya mtu mwingine, na hapo msituni hana tofauti kubwa na mwenye sado, ingawa huyu wa msituni analia kwa dhati.

Kati ya Shakahola na sado kuna watu wengi wasio rahisi kuwapanga. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akigawa dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, shilingi 500 kwa kikombe, akisema ameoteshwa na Mungu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini, na katika foleni hiyo walikuwamo mawaziri na wabunge. Aliishi kawaida, akafariki mwaka 2021 bila kuacha jumba la kifahari la kuzungumziwa. Je, mzee huyo alikuwa mkweli? Sina sababu ya kumkatalia. Lakini wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Na mnamo tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wagonjwa, wadaiwa, watu wenye kesi, wanawake waliokuwa wanatafuta mtoto. Sidhani kulikuwa na mnafiki hata mmoja kati ya waliolala chini.

Serikali imejaribu kusaidia kwa njia inayoijua, yaani fomu. Jumuiya ya dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, ambaye hutaka katiba, majina ya viongozi na kadhalika, huku Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi ikiziweka kazi za kueneza dini na kuendesha jumuiya zake nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Msajili anaweza kugundua kuwa mhasibu wa kanisa ni shemeji wa mchungaji. Hawezi kugundua zaidi ya hapo, na heri asijaribu, kwa sababu serikali inayopima imani huishia kuwaona wanafiki wale tu wanaoikosoa.

Wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvu wana sababu ya kuuelewa mfano wa Yesu wa magugu kuliko wataalamu wa Biblia. Gugu la Palestina lilifanana na ngano hadi lilipotoa suke. Hapa kuna mpunga mwitu, ambao ukiwa mchanga unaupalilia na kuuwekea mbolea kwa mapenzi yote, na ukija kuutambua, punje zake zimeshaanza kupukutika ardhini zikisubiri msimu ujao. Katika mfano, mwenye shamba anawakataza watumwa wake wasing'oe, wasije wakang'oa na ngano. Wahubiri huufikisha mfano huo kwenye tanuru la moto haraka sana. Wanapita juu ya jambo la aibu lililo katikati: watumwa wa shambani, watu wenye nia njema na uzoefu, hawakuaminiwa kufanya kazi hiyo.

Kung'oa watu ni jambo moja. Kupokea pesa zao ni lingine, na hapo mfano wa magugu haumzuii mtu. Siku ya mavuno, ibada ikiisha, sharika nyingi hufanya mnada uwanjani. Kuna mkungu wa ndizi, trei za mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa mwenye sauti humwinua jogoo juu: elfu kumi, kumi na tano, nani anaongeza, watumishi wa Mungu? Mheshimiwa aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa anatoa elfu hamsini, vigelegele vinapigwa, kisha anasema jogoo arudishwe auzwe tena. Jogoo anauzwa mara tatu na anarudi palepale, amechoka kuliko wote. Upande wa pili wa meza kuna mihogo mitatu iliyoletwa na bibi mmoja ndani ya kanga, imeunganishwa na fungu la mtu mwingine ili ipate bei. Jina lake halitajwi.

Siubezi mnada. Umeezeka makanisa mengi, na bati halimuulizi mtu nia yake. Naona tu kwamba mhubiri atakayefuata atamsoma yule mjane wa Injili ya Marko aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina, na atamtumia kuongeza michango. Hatasoma aya tatu zinazotangulia, ambamo Yesu anawashutumu waandishi wenye mavazi marefu wanaokula nyumba za wajane. Ukizisoma pamoja, unaanza kujiuliza mjane huyo aliishiaje kubaki na senti mbili.

Kisa cha Anania na Safira nacho husomwa kwa namna hiyo. Watu hukumbuka kwamba walikufa kwa kutotoa kiwanja chote. Lakini Petro aliwaambia wazi kuwa kiwanja kilikuwa chao, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa chini ya amri yao. Wangetoa nusu na kusema ni nusu, wangerudi nyumbani wakala chakula cha jioni. Walichokitaka ni sifa ya waliotoa vyote kwa bei ya waliotoa sehemu. Hiyo ni sado, kwa kadiri ninavyoielewa.

Makanisa ya Syria ya karne ya tatu yalilichukulia jambo hili kwa uzito usio wa kawaida. Mwongozo wao, ujulikanao kama Didaskalia, unawaagiza maaskofu wasipokee sadaka kwa watu wa namna fulani, na kati yao wametajwa wanaopunja katika vipimo. Sadaka ile ilikuwa inalisha wajane na yatima, na hoja ya mwongozo ni kwamba heri wajane wafe njaa kuliko kulishwa kwa fedha hizo. Ni hoja kali, na mimi nisingekubali kuisema mbele ya mjane. Ila inaonyesha kwamba wakati mmoja lilikuwapo kanisa ambalo mhazini wake aliangalia kwanza mkono uliotoa, ndipo akahesabu. Mhazini wa usharika mdogo wa Pwani leo anajua bahasha ipi imetoka kwa nani na fedha yake imetoka gunia gani. Anajua pia nyumba ya mwinjilisti inavuja. Hajawahi kuulizwa la kwanza. La pili anaulizwa kila mwezi.

Kurudisha sadaka, hata hivyo, kunawezekana. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024 Rais William Ruto wa Kenya alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, mtaa wa Kayole jijini Nairobi, akatoa shilingi za Kenya milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya padre na laki 6 kwa kwaya na watoto, akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zitarudishwa kwa mwenyewe na ahadi zimekataliwa, pamoja na mchango wa gavana aliyekuwa ameandamana naye. Sababu alizotoa zilikuwa kavu: maagizo ya maaskofu, taratibu za michango ya umma, kanisa lisigeuzwe jukwaa. Padre wa Soweto akabaki na nyumba isiyokwisha, na kwaya, nadhani, ilikuwa na maneno yake.

Machi 2025 Rais huyo huyo alitangaza mchango wa shilingi milioni 20 katika kanisa jingine la jiji hilohilo, huko Roysambu, na kanisa hilo halikurudisha. Jumapili iliyofuata vijana walijaribu kuandamana hadi mlangoni. Polisi wakarusha mabomu ya machozi, na ndani ibada ikaendelea.